Vyumba Vinne Visivyofutwa

Kwa msomaji aliyetukosa wiki iliyopita, mambo yalikuwa yamefika hapa. Baba alipofariki aliiacha hati ya nyumba katika jina la kaka yangu mkubwa, kwa sharti moja la mdomo: mama aishi humo mpaka siku yake ya mwisho. Haikutimia miezi minane, Kaka akatuita sebuleni na kusema nyumba iuzwe. Mdogo wangu akalia, mimi nikapinga, na Kaka akaipiga teke meza ya marehemu hadi mguu mmoja ukakatika. Tangu jioni ile, wiki sita sasa, watoto watatu wa tumbo moja hatusemeshani.

Mama hakuchukua upande wa mtu. Alisema maneno machache tu: "Nyumba ni matofali. Mimi nawataka nyinyi watatu mezani, mara moja, nikiwa bado nina macho ya kuwaona."

Naomba mlishike neno hilo, maana yote nitakayoyasimulia leo yanalizunguka.

Alhamisi, saa nne asubuhi, nilikuwa katika chumba cha walimu nikisahihisha mitihani ya kufunga muhula. Simu ikaita. Namba sikuitambua.

"Mwalimu, habari za kazi? Mimi wa vyumba vya ziwani."

"Nzuri. Vyumba gani?"

"Ala! Vyumba vinne, Mwalimu. Kuanzia Jumapili hii, siku saba. Nataka kujua mnafika kabla ya chakula cha mchana au baada yake, nijue nichinje kuku wangapi."

Kalamu nyekundu iliniponyoka, ikaacha mstari mrefu katika karatasi ya mtoto wa watu ambaye hakuwa amekosea chochote.

Yafaa nieleze. Siku za amani, kabla ya kikao cha sebuleni, mama alituomba jambo moja. Alikuwa hajawahi kulala nje ya kwake kwa ajili ya kupumzika. Hata hospitali alikwenda kwa sababu ya kutuzaa tu. Akataka wiki moja kando ya ziwa, yeye na wanawe. Nilishika vyumba vinne kwa jina langu. Baada ya ugomvi nikawaandikia wote: "Mapumziko yamefutwa." Kazi ya kupiga simu na kuvifuta vile vyumba nikamkabidhi mdogo wangu, nayo kwa maandishi.

"Mama," nikamwambia yule mwenye vyumba, "kwani hukupigiwa simu?"

"Simu napigiwa kila siku, Mwalimu. Mimi najua kilichomo kitabuni, na kitabuni mmo."

"Lakini..."

"Ngoja nimalize. Arbuni sikukudai, kwa sababu walimu siwadai arbuni. Neno la mwalimu ndilo arbuni yake. Sasa kuna watu wa semina wanavitaka vyumba vyote, na vyangu vyote ni hivyo hivyo vinne. Nimewaambia wasubiri mpaka kesho saa sita mchana. Saa sita ikipita bila neno lako, nimewakosa wao, na huenda nikawakosa nyinyi. Msimu mzima huu sina mgeni mwingine. Basi sema."

Mtu mwingine angesema palepale: samahani, tumekosa, vifute. Sentensi moja, na jambo likaisha.

Mimi nikasema, "Nitakupa jibu kesho kabla ya saa sita."

Kwa nini? Kwa sababu nilitaka kwanza kumjua mkosaji. Huo ndio ugonjwa wangu, msomaji. Moto ukiwaka nyumbani, wenzangu hutafuta maji; mimi hutafuta aliyewasha kiberiti. Si bure kwamba nyumbani wananiita Rejista.

Mwalimu wa michezo akaniangalia kutoka upande wa pili wa meza. "Umefiwa?"

"Bado," nikamjibu, "lakini kuna mtu nitamuua leo."

*

Mdogo wangu ni msusi. Duka lake lina viti vitatu, kioo kimoja kirefu, na masikio mengi. Nilipoingia saa kumi alikuwa amemshika mteja kichwa, nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima. Mteja wa pili alikuwa amekaa akisubiri zamu, miguu juu ya kigoda.

"Karibu, Dada," akasema bila kugeuka. Alikuwa ameniona kwenye kioo. Wiki sita, na hilo ndilo neno la kwanza. "Umekuja kusuka au kusahihisha?"

"Nimekuja kuuliza. Tarehe mbili nilikupa kazi moja. Moja tu. Uvifute vile vyumba vya ziwani."

"Nilivifuta."

"Hukuvifuta."

"Nilivifuta, Dada. Tarehe nne, nikiwa nimekaa kwenye kigoda hicho hicho alichowekea mwenzio miguu."

Mteja akashusha miguu.

"Mwenye vyumba amenipigia leo asubuhi," nikasema. "Tumo kitabuni. Anataka kuchinja kuku!"

"Basi kitabu chake kina mashetani."

Wale wateja wawili wakacheka. Hapo ndipo damu iliponipanda. Nikafungua mkoba, nikatoa daftari langu, nikamwekea mbele ya uso. "Tazama. Tarehe mbili. Kufuta vyumba. Jina lako. Na tiki hii hapa."

Aliacha kusuka. Akaipangusa mikono yake kwenye aproni, akainama, akaisoma ile mistari polepole kama mtu anayesoma maandishi ya chupa ya sumu.

"Hii tiki uliiweka lini?"

"Tarehe mbili."

"Na mimi nimekuambia nilipiga simu tarehe nne. Sasa, Dada yangu uliyesoma, tiki ya tarehe mbili ni ya kazi gani? Ya kazi iliyofanyika, au ya amri iliyotolewa?"

Nikaitazama ile tiki.

"Wewe ukishamwagiza mtu, kwako imekwisha," akaendelea. "Unaweka tiki, unafunga daftari, unalala. Hujawahi hata siku moja kuuliza: imekuwaje? Leo umekuja na daftari hilo hilo kunishitaki. Litasema nini, na halikuwepo?"

"Hapo Mwalimu kashikwa," akasema mwenye nusu kichwa.

Ningenyamaza. Kila siku huwaambia wanafunzi wangu kwamba mwenye haki hana haja ya kupaza sauti. Lakini nilikuwa nimechekwa mbele ya watu, na kicheko cha watu humfanya mtu mzima atafute jiwe la karibu.

"Wewe tangu utoto ni mtu wa kuanza na kuacha," nikasema. "Shule ulianza, ukaacha. Ndoa ulianza, ukaacha. Kwa nini simu moja uimalize?"

Hakuna aliyecheka tena.

Mdogo wangu alikirudia kichwa cha mteja wake. Msuko ulinyooka kama kawaida.

"Andika na hilo," akasema. "Weka na tiki. Halafu utoke dukani kwangu, Dada. Nakuheshimu, ndiyo maana nasema utoke, sisemi neno jingine."

Nikatoka. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilivuka barabara mara mbili kabla sijajua ninakwenda wapi.

*

Nilikuwa ninakwenda kwa Kaka.

Kaka ni mkandarasi. Wakati huo alikuwa akijenga ghorofa tatu nyuma ya soko, na mara ya mwisho nilipopita pale vibarua walikuwa ishirini na mashine ya kuchanganya zege ikinguruma mpaka usisikie unachosema. Siku hiyo niliwakuta watatu, wamekaa juu ya mifuko ya saruji. Mashine ilikuwa imefunikwa turubai.

Kaka alichungulia kutoka ghorofa ya pili. "Rejista! Leo umekuja kuita majina?"

"Shuka tuzungumze."

"Panda wewe. Mimi ndiye mkubwa."

Nikapanda ngazi za mbao zisizo na mkono, viatu vya shuleni miguuni na sketi nimeikusanya kwa mkono mmoja. Nilimweleza habari yote kwa pumzi moja: vyumba, kuku, semina, saa sita ya kesho. Nikasimama nikingoja matusi. Nilikuwa nimeyaandalia majibu njia nzima.

"Usivifute," akasema Kaka.

"Umesemaje?"

"Usivifute. Mama anarudi Jumamosi kutoka kwa yule shoga yake mwenye mguu mbovu, sivyo? Basi Jumapili mpakieni aende. Wiki nzima. Hata mbili. Mimi nitalipa."

Msomaji, huyu ni mtu aliyegombana na mwenye kukodisha viti siku ya msiba wa baba yetu, kwa sababu ya viti sita ambavyo havikukaliwa. Nilimtazama usoni. Yeye alikuwa akitazama nguzo.

"Na wewe utakuja?"

"Nina kazi. Huoni?"

"Naona vibarua watatu waliokaa. Wengine wako wapi?"

"Wamepumzika."

"Kaka, mama hataki vyumba. Anataka watoto wake watatu mezani."

"Meza ina mguu uliovunjika," akasema.

"Aliyeuvunja ni nani?"

"Ndiyo hayo! Ndiyo hayo!" Akaanza kutembea huku na huku, vumbi la saruji likiruka. "Unakuja kuomba msaada, mtu anakupa msaada, unaanza kusahihisha! Mimi nimesema nalipa. Umeshawahi kusikia mtu akinung'unika kwa kulipiwa? Mpelekeni mzazi akapumzike, ale, alale, asisikie kelele za mtu. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba wewe hujawahi kuwa mwema ghafla hivi."

Simu yake ikaita. Akaitazama, akageuka ukutani, akaongea kwa sauti ya chini sana. Nilisikia neno moja tu, "kesho", na akalirudia mara tatu.

Nilishuka zile ngazi hasira zikiwa maradufu. Mmoja alikuwa amenidanganya, nikaamini hivyo. Mwingine alikuwa anaficha jambo, na hilo nililiona. Nikakata shauri. Nitakwenda mwenyewe. Nitamwomba radhi yule mama uso kwa uso, vyumba vifutwe mbele ya macho yangu, naye awaite watu wake wa semina. Tutakuwa tumemaliza.

*

Ijumaa nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikamwachia mwenzangu darasa, na saa tano na nusu nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba ndefu nyeupe yenye milango minne inayofanana na baraza moja ya saruji iliyopigwa deki muda si mrefu. Ziwa lilikuwa nyuma yake. Sikulitazama.

Mwenye vyumba alikuwa mwanamke mfupi mwenye shada la funguo kiunoni. "Karibu, Mwalimu. Nilijua utakuja kwa miguu yako."

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeipanga ndani ya basi, na utangulizi, na sababu tatu, na hitimisho. "Mama yangu, nimekuja kukuomba radhi. Sisi tuliweka nafasi, hatukulipa, wala hatukufuta. Makosa ni yetu. Dada yenu mdogo, yaani mdogo wangu, alipewa kazi..."

"Keti."

"Nimalize tu, mama. Alipewa kazi ya kufuta, lakini kwa uzembe wake..."

"Keti, Mwalimu. Uzembe wa nani?"

Alifungua kitabu kikubwa chenye jalada gumu, akalowesha kidole, akafunua kurasa mbili, akanigeuzia. "Soma mwenyewe. Wewe ndiye mwenye kusomesha."

Nilisoma. Tarehe nne. *Vyumba vinne vya Mwalimu: vimefutwa. Amepiga mdogo wake. Ana sauti ya kulia.*

Nilisoma tena. Wino haukubadilika.

Wateja wawili dukani. Nusu kichwa kimesukwa. Msuko ulionyooka. Shule ulianza, ukaacha. Ndoa ulianza, ukaacha. Niliyasikia maneno yangu yote, kwa sauti yangu ile ile ya darasani, na nilitamani ardhi inimeze.

Kisha hasira ikapata pa kukimbilia, kama kawaida yake. "Sasa kama vilifutwa," nikasema, "jana ulinipigia simu ya nini? Umenigombanisha na ndugu zangu kwa vyumba ambavyo hatukuwa navyo!"

"Soma chini yake."

Tarehe tisa. *Vyumba vinne vya Mwalimu: vimerudi. Amekuja mama yake mwenyewe.*

"Amekuja?" nikauliza. "Mama yangu yuko kwa shoga yake. Ana wiki ya pili sasa, anamuuguza mguu."

"Shoga yake huyo ni mimi, nadhani. Na mguu ninao mzima." Hakucheka. "Alishuka hapo njiani na begi moja na cherehani. Akaniambia: hawa wanangu wamefuta, mimi nafufua. Sina cha kukulipa, lakini mapazia yako yamekwisha, na mashuka yako yana viraka vya aibu. Nitashona mpaka deni la wiki ya vyumba vinne liishe. Nikamwambia, mama, wewe ni mtu mzima, pumzika kwanza. Akaniuliza kama nimewahi kuwa na wana watatu wasiosemeshana."

Ndipo nilipousikia mlio ambao ulikuwepo tangu nilipofika, nikaudhani ni wa mashine ya maji. Mlio wa cherehani ya miguu.

*

Chumba cha nyuma kilikuwa cha kuhifadhia magodoro. Mama alikuwa dirishani, miwani imemshuka puani, kitambaa cha bluu kimemjaa mapajani. Ukutani yalining'inia mapazia. Niliyahesabu bila kutaka: kumi na moja. Alikuwa akilipinda la kumi na mbili.

"Umechelewa," akasema. "Nilikutarajia jana jioni."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ondoa hicho kiberiti cha sindano ukae."

Sikukaa. "Mama, umetudanganya."

"Nimewadanganya." Mguu wake haukusimama. "Nikasema wakinisikia natumia ukweli, hawaji. Na huyu mwenzangu nilimwambia akupigie wewe, si wenzako. Wewe hukai na kosa ambalo halijasahihishwa. Nilijua utawapitia mmoja mmoja. Nikasema, hata wakikutana kwa kugombana, watakuwa wamekutana."

"Unashona mashuka ya watu, mama! Kwa umri huu! Kwa ajili ya vyumba ambavyo hakuna atakayevilala!"

Hapo mguu ukasimama.

Akavua miwani. Sijamwona mama yangu akiwa na hasira mara nyingi. Ni mtu wa kumeza. Siku hiyo alikuwa ametema.

"Sikiliza, wewe mtoto. Hasira zenu nimezinyonyesha mimi, nazijua zote kwa majina. Ya kaka yako ni ya woga. Ya mdogo wako ni ya kudharauliwa. Ya kwako ni ya kupenda kuwa sahihi. Baba yenu alipokufa sikulia ninavyotaka kwa sababu nilikuwa nawasuluhisha nyinyi. Kaburi halijaota majani mnavunja meza! Sasa sisuluhishi tena. Nimenunua wiki moja kwa mikono yangu, na katika wiki hiyo mtakaa mbele yangu mkinitazama. Hamwalikwi. Mnaitwa!"

Mwenye vyumba alikuwa amesimama mlangoni na kitabu chake kifuani. "Saa sita kasorobo," akasema taratibu. "Watu wa semina watapiga. Nahitaji neno."

"Neno litakuja," mama akamjibu. Akanigeukia. "Mdogo wako yuko nyuma yako?"

"Hapana."

"Umemwambia nini?"

Nilimwambia. Nilimtajia kila neno, hata lile la ndoa. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuokota uzi mmoja sakafuni, akauzungushia kidoleni.

"Utamwomba radhi. Si kwa simu. Dukani, mbele ya hao hao walioyasikia."

"Ndiyo, mama."

"Na kaka yako?"

"Yeye anataka uje. Anasema atalipa yeye. Wiki moja, hata mbili."

"Atalipa?" Nyusi za mama zilipanda. Alimzaa, hakuhitaji maelezo. "Mpigie. Weka spika. Usimwambie niko hapa."

Sikupenda. Nililelewa kwamba kumsikiliza mtu asiyejua anasikilizwa ni wizi. Lakini mama alikuwa ameninyooshea kidole kilichofungwa uzi, na mimi nina miaka arobaini na mbili tu.

Simu iliita mara nne.

"Rejista. Umeshaongea na huyo mwenye vyumba?"

"Niko kwake sasa hivi."

"Hujavifuta?"

"Sijavifuta."

"Vizuri. Vizuri sana. Mwambie namtumia pesa jioni. Na mama mpeleke moja kwa moja kutoka kwa huyo shoga yake, Jumamosi hiyo hiyo. Asipitie nyumbani."

Mama alikuwa ametulia kama picha.

"Kwa nini asipitie nyumbani?" nikauliza.

"Atachoka bure."

"Kaka. Kwa nini asipitie nyumbani?"

Nilipata kusikia pumzi zake. Alipoongea tena haikuwa sauti ya ghorofa ya pili. Ilikuwa sauti ya yule kijana aliyekuwa akinibeba mgongoni kuvuka mtaro wakati wa mvua.

"Nimechukua pesa za watu, Rejista. Za nyumba. Nilikuwa na vibarua ishirini wananidai, na mwenye saruji ananitafuta. Nikasema nitazirudisha kabla hawajadai nyumba yao. Hazikurudi. Sasa wanahamia."

"Lini?"

"Jumatatu. Nilipanga mama awe ziwani. Awe ameshiba, amelala vizuri, ndipo nije nimwambie taratibu. Mimi siwezi kusimama mlangoni mama akitazama vitu vyake vikitolewa. Siwezi. Utanifanya nini? Nitukane, nakuruhusu."

Matusi nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo ya wiki sita. Yalinijaa kinywani yakagombania mlango, na hakuna hata moja lililotoka, kwa sababu nilikuwa nikimtazama mama. Hakuwa akilia. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama afanyavyo anaposikiliza cherehani yenye kasoro.

"Yasubiri," nikamwambia Kaka. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Jumatatu bado. Kuna siku tatu. Tutakaa sisi watatu, tutawaona hao watu, tutatafuta wakili. Usiguse kitu. Uko wapi sasa?"

"Niko saiti."

"Saiti?"

"Ndiyo, saiti. Nitakuwa wapi saa hizi?"

Nyuma ya sauti yake kitu kizito kiliburutwa sakafuni. Mtu akasema, "Inamisha, inamisha upande wako." Kisha ukafuata mlio mrefu mwembamba, wa bawaba inayolia kuanzia juu mpaka chini, ukamalizikia kwa kishindo kidogo.

Mwenye vyumba aliitazama saa ya ukutani. Mimi niliitazama simu.

Mama alisimama. Kitambaa cha bluu kilimteleza mapajani hadi sakafuni, na hakukiokota. Akaichukua simu mkononi mwangu, akaisogeza karibu na mdomo, akasema kwa upole ambao sijausikia tena tangu siku hiyo:

"Mwanangu, huo ni mlango wangu wa jikoni."